Kipimo cha Mafuta katika Difu ya Lori

Wasikilizaji, katika barabara iteremkayo kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, uhai wa dereva wa lori lenye mzigo hutegemea breki. Madereva wengi huzikagua breki kabla ya safari, bali ni wachache wakumbukao kwamba mafuta ya difu nayo yaweza kuziharibu.

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia zipokeazo nguvu ya injini na kuigawa kwa magurudumu, hata gurudumu la nje liweze kwenda upesi kuliko la ndani lori likatapo kona. Katika difu nyingi hamna pampu. Gia kubwa huchovya meno yake katika mafuta yaliyo chini, ikayarusha juu yakalainisha kila mahali.

Mafuta yakipungua, beringi za mbele hukauka, hasa katika mlima mrefu, kwa kuwa pua ya difu huinuka na mafuta kukimbilia nyuma. Chuma husagana na chuma, difu huanza kulia, na mwisho gia huvunjika.

Basi wako wasemao kwamba afadhali kuyajaza kupita kiasi. Hilo nalo ni kosa. Mafuta yaliyozidi hupigwapigwa yakatoa povu na kupata moto, kisha hutafuta njia ya kutoka. Yakipenya sili za magurudumu, huingia katika viatu vya breki, na breki zilizolowa mafuta hazishiki. Dereva hulijua jambo hilo akiwa tayari yumo mteremkoni.

Kipimo cha haki ni chepesi. Lori na lisimamishwe mahali palipo sawa, lipumzike mpaka mafuta yapoe na kurudi chini. Uchafu upanguswe kandokando ya kizibo kilicho ubavuni mwa difu, ndipo kizibo kifunguliwe. Mafuta yawe sawasawa na ukingo wa chini wa tundu. Haitoshi kuyagusa kwa ncha ya kidole, maana katika ekseli kubwa upungufu wa inchi moja huweza kuwa kiasi cha lita nzima. Yakipungua, yaongezwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Yakizidi, yaachwe yamwagike mpaka yakome yenyewe.

Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji, nayo hayana budi kubadilishwa. Tena kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli kisizibwe na matope, kwani hewa ya moto ikikosa njia huyasukuma mafuta kwenye sili, hata yakiwa ya kiasi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hii yataka spana moja, kitambaa na muda mfupi. Naye dereva aifanyaye hushuka Bonde la Ufa akiwa na breki za kutumainiwa.