Mtoto Unamlea. Je, Karatasi Unayo?

Mazungumzo kwa wanakisomo wa Bukoba na Muleba

Leo hatukuja kuzungumza habari za mnyauko wa migomba, wala bei ya kahawa. Tumekuja kuzungumza habari za watoto. Siyo wale tuliowazaa, bali wale tunaowalea baada ya wazazi wao kufariki.

Katika mkoa wetu watoto hao tunawajua. UKIMWI uligunduliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, na wagonjwa 3 wa kwanza walikuwa wa hapa Kagera. Wakati ule watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo. Baba alikwenda, mama akafuata, watoto wakabaki na bibi. Kisha tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza. Nyumba nyingine zikabaki na watoto watupu.

Tuliwachukua. Hatukungoja kuambiwa na mtu. Bibi alimenya ndizi za watu 2, sasa akamenya za watu 6. Huko Nshamba, tangu mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee kama hao fedha kidogo kila mwezi, maana lilikuta mzigo wote uko mgongoni kwao.

Hiyo ni kazi njema. Lakini ina shimo moja, na ndani ya shimo hilo watoto wengi wamepoteza kibanja.

Tuchukue mfano. Bibi analea wajukuu 3, watoto wa binti yake. Binti amekufa na mkwe amekufa. Kibanja cha mkwe kiko kijiji cha pili, kina migomba na mibuni. Kila msimu bibi huenda kuchuma kahawa, huuza, hununua sare za shule. Siku moja baba mdogo wa watoto anafika kutoka mjini. Amekuja na mtu aliyevaa viatu vizuri. Wanapima kibanja kwa hatua. Bibi anasema, “Mwanangu, hiki ni cha watoto.” Anajibiwa, “Mama, tunakuheshimu sana, lakini wewe si wa ukoo huu.” Bibi anakimbilia kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji anamhurumia, lakini anauliza neno moja tu: “Bibi, una karatasi?”

Hana. Amelea miaka 8, na hana hata karatasi moja yenye jina lake na majina ya watoto.

Sasa sikilizeni vizuri. Hapa kuna mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni nani akae na mtoto na kumtunza. La pili ni nani asimamie mali aliyoacha marehemu. Mambo hayo yana njia mbili, na kila njia ina karatasi yake. Mwenye karatasi ya kukaa na mtoto hajapata ruhusa ya kugusa shamba. Na mwenye karatasi ya mirathi hakupewa watoto.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inasema tena kwamba wazazi wote wawili wakifariki, wajibu wa kumlea mtoto unaweza kwenda kwa ndugu wa upande wowote, wa baba au wa mama, au kwa mlezi mwingine. Unaweza kwenda kwa amri ya mahakama, au kwa mpango wa kimila. Mmesikia? Upande wowote! Kwa hiyo bibi mzaa mama hakuiba wajukuu. Na kikao cha ukoo hakikudharauliwa na sheria, kimetajwa. Basi anzeni hapo.

Itisheni kikao cha ukoo. Msizungumze tu na kunywa rubisi na kutawanyika. Andikeni muhtasari. Andikeni tarehe, majina ya waliohudhuria, majina ya watoto na umri wao. Andikeni nani amekubaliwa kukaa na watoto, na nani amependekezwa kusimamia mirathi. Kila mtu atie sahihi, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Miaka ya 1968 hadi 1973, mkoa huu ukiitwa Ziwa Magharibi, watu wazima wa kwetu walikuwa katika ule mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa. Haya, manufaa yenyewe ndiyo haya.

Kwa maoni yetu afadhali mlezi na msimamizi wa mirathi wawe watu wawili, tena mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Watachungana. Lakini kama mwaminifu ni mmoja tu, mchagueni huyo huyo.

Baada ya kikao, pelekeni muhtasari kwa mtendaji, awape barua ya kuwatambulisha. Kisha nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii. Yuko katika halmashauri: Manispaa ya Bukoba, Wilaya ya Bukoba, na Wilaya ya Muleba. Mchukulieni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, vyeti vya kifo vya wazazi, kitambulisho chenu, na ule muhtasari. Kama vyeti havipo, vitafuteni kwanza kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Kazi hiyo inachosha, hatuwafichi. Lakini mtoto asiye na cheti, hata nani ni baba yake itakuwa kubishana.

Ofisa huyo ndiye atakayewaelekeza ombi lipelekwe wapi. Ndugu anayemtunza mtoto anaruhusiwa na sheria kuomba mahakamani apewe haki ya kukaa naye. Kesi za namna hii husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Msiogope jina la mahakama. Mahakama hii haifungui milango kwa kila mpita njia. Hakimu huuliza kwa upole, na ofisa ustawi wa jamii huwapo. Ofisa huyo huweza kuagizwa aje nyumbani kuona mtoto analala wapi, anakula nini, anasoma wapi, kisha aandike taarifa. Basi akija msiazime kitanda cha jirani. Aone ukweli.

Na mtoto mwenyewe anaweza kuulizwa anataka nini. Mahakama huangalia umri wake, na huona vema ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Kuna koo zinazogawana yatima kama mbuzi: huyu kwako, huyu kwangu. Tuache.

Kama mama wa watoto yu hai, ni habari nyingine. Mama mjane haombi ulezi wa watoto wake mwenyewe. Yeye ni mzazi. Shemeji wakimnyang'anya watoto ati ni wa ukoo, aende kwa ofisa yule yule. Sheria inataja umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaanza kwa kudhani kuwa mtoto chini ya miaka 7 akae na mama, na anayepinga ndiye alete sababu.

Sasa kibanja. Mirathi inayofuata mila, au ya Kiislamu, hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Lugha ni Kiswahili. Msimamizi aliyependekezwa na kikao hupeleka ombi, na tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aseme. Akiteuliwa, ana miezi 4 ya kuleta orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu. Yule baba mdogo aliyekuja na mnunuzi sasa atakuta mlango umefungwa: auze nini, wakati mali iko mikononi mwa msimamizi aliyeapa, na watoto ndio warithi?

Wengine watasema mwanamke hawezi kushika habari za kibanja cha ukoo. Waambieni habari ya Muleba yenyewe. Mama mmoja aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, huko Kashasha, akaliuza mwaka 1988. Ukoo ukamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, naye akashindwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Kwa hiyo shangazi anaweza kupendekezwa, na bibi anaweza.

Mtauliza: bila wakili tutaweza? Tutaweza. Sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili kwa mambo haya. Ukiona maneno ni magumu, tafuteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua hao, na msaada wao kwa asiyejiweza ni bure. Jihadharini na vishoka, wale wanaokaa karibu na mahakama na kalamu sikioni, wanataka fedha ili “kusukuma faili”. Ada ya mahakama ikiwapo, ilipeni na mdai stakabadhi. Asiyetoa stakabadhi hakupokea ada.

Neno kwa walezi wenyewe. Karatasi hiyo haikufanyi mwenye mali. Sheria ya Mtoto inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Wala haikumfanya mtoto kuwa wa kwako kama umemzaa. Huko ni kuasili, na kuna taratibu zake kubwa zaidi. Basi nunueni daftari. Upande mmoja andikeni kahawa kilo ngapi na fedha ngapi, upande wa pili sare, madaftari, dawa. Ada ya shule za serikali ilifutwa, lakini mtoto haendi shule uchi. Siku anapotimiza miaka 18 mwonyesheni daftari hilo, aende na mashahidi kuonyeshwa mipaka ya kibanja chake, mti kwa mti.

Na karatasi ya mahakama mkishaipata, toeni nakala. Moja ikae kwa mtendaji, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mtu wa ukoo mnayemwamini. Ile yenyewe ifungeni ndani ya mfuko wa nailoni na kuiweka sandukuni. Msiichomeke darini juu ya jiko, maana huko moshi na mende hawajui kusoma.