Ramani Kwanza, Kompyuta Baadaye

Hotuba ya ofisi ya miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wawakilishi wa wafadhili



Tumeombwa tueleze kwa nini hatujapitisha maombi ya mifumo mitatu ya kompyuta: wa zahanati, wa shule, na wa vikundi vya kuweka na kukopa. Kila ombi lina mfadhili aliye tayari, na tunajua manung'uniko yapo. Kabla ya kujibu, tunaomba kuwapeleka Marekani, kwenye serikali za majimbo. Wao walipita njia hii wakiwa na fedha nyingi kuliko zetu, na bado waliumia.

Jimbo la huko lina idara za barabara, afya, kodi, magereza na ustawi wa jamii. Kwa miaka mingi kila idara ilinunua mashine zake kwa bajeti yake. Mwananchi mmoja akaandikwa mara nyingi, pengine kwa tahajia tofauti, na akihama nyumba hana budi kuzunguka ofisi hadi ofisi. Dawa waliyoitafuta wataalamu huiita usanifu wa taasisi. Jina ni zito, lakini maana yake ni ramani inayoonesha kazi zote za serikali na jinsi mifumo yake inavyoshikana. John Zachman, aliyekuwa mtumishi wa IBM, aliandika mwaka 1987 akifananisha mfumo wa taarifa na jengo linalohitaji michoro. Mwaka 1996 sheria ya Clinger-Cohen ikayataka mashirika ya serikali kuu kuwa na usanifu wa namna hiyo. Majimbo nayo yakaanza kujenga wa kwao, na chama cha wakuu wao wa TEHAMA, NASCIO, kikatoa miongozo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ramani hiyo haianzi na mashine. Kwanza huulizwa: tunamhudumia nani, kwa kazi gani? Kisha: kazi hiyo inahitaji taarifa zipi, nani mwenye dhamana ya kuzisahihisha, na nani haruhusiwi kuziona? Ndipo programu huchaguliwa, na vifaa mwisho kabisa. Ugomvi mkubwa huwa kwenye taarifa. Kila mkuu wa idara hukubali upesi kwamba daftari liwe moja, mradi liwe la kwake.

California ni mfano wa kununua kabla ya kupima. Mwaka 2001 jimbo hilo lilisaini mkataba wa dola milioni 95 na kampuni ya Oracle kwa leseni za programu za kuhifadhi taarifa. Mwaka 2002 mkaguzi wa jimbo alieleza kuwa serikali haikufanya uchunguzi wa kutosha kabla ya kusaini. Mkataba ukafutwa, na idara ya TEHAMA ya jimbo ikafungwa mwaka huohuo.

Lakini kuunganisha nako kuna hatari zake, na wanaouza mifumo mara nyingi hawazisemi. Virginia iliunda wakala mmoja wa TEHAMA mwaka 2003. Agosti 2010 mtambo mmoja wa kuhifadhia taarifa uliharibika, na taasisi 26 za serikali zikaathirika. Ofisi za magari zilishindwa kutoa leseni za udereva kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ramani nzuri huonesha pia nini kitafanyika siku mtambo ukizima, na nakala ya taarifa iko wapi.

Hapa kwetu tumeuona mpangilio wa aina hii. Ankara za maji na ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo kupitia mfumo mmoja wa GePG, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya umma.

Sasa turudi kwenye maombi matatu. Mama mmoja anayeleta mtoto zahanati, anayelipa ada shuleni na anayekopa kwenye kikundi ataandikwa mara tatu, katika mifumo mitatu isiyozungumza. Wafadhili wakiondoka, kila mfumo utahitaji fundi wake na leseni yake. Tena si haki mhasibu wa kikundi cha mikopo aweze kuona cheti cha maabara cha mama huyo. Mipaka hiyo lazima iandikwe sasa, si baada ya mtu kuaibishwa.

Ndugu wafadhili, tunajua ramani haipigwi picha ikapendeza kama chumba cha kompyuta. Hata hivyo tunaomba sehemu ya kwanza ya fedha zenu igharamie kazi hiyo, na nafasi ya fundi atakayebaki. Kwa sharika tunaomba kila katibu alete orodha ya madaftari yote anayotunza: nani huyaandika, nani huyasoma, na yanafungiwa wapi. Zahanati ianze, kwa kuwa huko ndiko daftari likikosewa mgonjwa huumia. Orodha zikifika, maombi yote matatu yatarudi mezani kwa pamoja.