Bando la Jero ni Suala la Haki

*(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa chama, Ruangwa. Tumeiweka hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.)*

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, nipo huku kwa wiki nane za fildi. Nimepewa dakika kumi niongee kuhusu bando. Najua kuna wanaojiuliza, "Chama kina mambo mazito, huyu anatuletea habari za MB?" Nisikilizeni kwanza.

Nani hapa anaishi mbali na kwao? Naona mikono ni mingi. Kuna walimu wa kujitolea, kuna vijana waliofuata msimu wa ufuta, kuna wa machimboni, na tupo sisi wa fildi. Hali yetu ni moja: tupo kwa muda, tumepanga chumba, waifai hakuna, na hela inaingia kidogo kidogo. Kwa hiyo intaneti tunainunua kama mafuta ya kula ya kupima. Leo ya jero, kesho ya buku, keshokutwa unaomba hotspot kwa jirani.

Sasa tuangalie hiyo buku inaenda wapi. Mwaka 2021 kwenye huduma za simu kulikuwa na ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu juu yake VAT asilimia 18. Piga hesabu: katika buku yako, karibu shilingi 276 zilikuwa kodi. Hapo hujafungua hata ukurasa mmoja. Na kama mama amekutumia hiyo hela kwa simu, makato yamepita kwake alipotuma na kwako ulipotoa. Mwaka 2021 wakaongeza na tozo ya miamala na tozo ya laini. Tulipiga kelele nchi nzima, na Septemba mwaka huohuo tozo ya miamala ikapunguzwa kwa asilimia 30. Shikeni hilo la kelele, nitalirudia.

Tuje kwenye bei. TCRA ilitangaza mwaka 2021 kwamba bei ya MB moja iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Maana yake MB 1,000 ziliweza kukugharimu shilingi 2,030 au 9,350, na zote mbili zilikuwa halali! Leo jioni fungua menyu ya laini yako, chukua bei ya kila kifurushi ugawanye kwa MB. Fanya hivyo kwa cha siku, cha wiki na cha mwezi. Utajua mwenyewe unasimama wapi kati ya hizo namba mbili.

Jamani, bando si anasa tena. Mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni. Ajira za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal. Hata ufuta na korosho za wakulima wetu wa RUNALI zinauzwa kwa minada ya kielektroniki ya TMX. Serikali imehamia mtandaoni, lakini nauli ya kuifuata huko tunajilipia wenyewe. Mtoto wa maskini akikosa bando siku ya mwisho ya maombi, amekosa mkopo. Hakuna aliyemnyima kwa maandishi, lakini amenyimwa.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na uhuru wa kufanya mawasiliano. Sasa haki inayoisha muda wake baada ya saa 24 ni haki gani?

Tusiishie kulalamika. Kanuni ndogo za vifurushi za mwaka 2021 zina vitu ambavyo wengi wetu hatuvitumii. Moja, ukinunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha, MB zilizobaki zinatakiwa ziendelee. Usisubiri kiishe. Mbili, lazima ujulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100. Tatu, bando likiisha, wasikukate salio la kawaida bila wewe kukubali. Yakikukuta, lalamika kwanza kwa mtoa huduma, tena kwa maandishi, na utunze meseji zote. Wasipokusikiliza, nenda TCRA. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, na kazi yake ni kututetea sisi.

Na huku mtaani tusaidiane. Mkiwa wanne nyumba moja, changeni mnunue kifurushi kikubwa cha mwezi, mtumie hotspot kwa zamu. Zima programu kujisasisha zenyewe, na video za magrupu zisijipakue. Maombi ya mkopo na ajira tuyafanye pamoja ofisini kwetu, kijana asishindwe kwa sababu ya jero.

Lakini kuchangishana si sera. Madai yetu kama vijana wa chama yawe manne. MB tulizolipia zisife kwa saa. Kodi kwenye bando ipunguzwe. Tovuti za huduma za umma zifunguke bila kukata MB. Na intaneti isizimwe wala kubanwa wakati wa uchaguzi, kama tulivyoona Oktoba 2020. Maana hata ukiwa na GB mia, mtu akizima mtandao wewe huna kitu.

Mtaniambia haiwezekani. Tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu, nchi iliamka ikakuta vifurushi vimepanda. Watu walipiga kelele bila kujali chama, na Serikali ikasitisha bei zile. Hatukuandamana wala hatukwenda mahakamani. Tulisema kwa pamoja tu. Kilichotushinda ni kuendelea kusema baada ya hapo, na bei zikaanza kututambaa taratibu.

Kwa hiyo kila mmoja wetu aandike malalamiko yake, yenye tarehe na kiasi. Tuyakusanye kata kwa kata, Ruangwa na Nachingwea, tuyapeleke TCRA yakiwa furushi moja. Mimi nitasaidia kuyaandika, wiki tano bado nipo.