Nyumba tumeiuzisha wenyewe: komisionere anadai nini?

Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama

Mliuliza juu ya dola 60 zilizotoka katika kasha la msaada bila mkutano kujua. Tutaeleza yote, na kosa letu likiwa ndani.

Mama mmoja mwenzetu, mjane, alitaka kurudi Lusangi. Wakati wa kukimbia vita alifikia Kasongo mjini, na kule polepole akapata parsele na nyumba ndogo ya matofali. Akasema: nitaiuzisha, nipate mabati na pesa ya njia, nikajenge pale baba yangu alijenga. Akamwita komisionere. Wale waliokaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wanamjua kwa jina la dalali. Kazi ni ileile. Komisionere akaleta karatasi ya Kifaransa: bei dola 2400, yeye atapata 10 kwa 100. Mama akatia kidole. Sekretere wetu akatia saini kama shahidi, juu mama aliomba mtu wa chama awe karibu. Komisionere akaondoka pia na karatasi za parsele, ati awaonyeshe wanunuzi.

Miezi mitatu ikapita. Watu wanne walikuja kuangalia, hakuna aliyerudi. Mwezi wa nne, jirani, mtu anayeijua ile nyumba tangu haijaezekwa, akasema yeye ataichukua. Wakapatana bei ileile, pesa ikahesabiwa mbele ya wazee, ikabaki tu kumpa karatasi zake. Kesho yake komisionere huyu hapa mlangoni: mama, dola zangu 240.

Sisi wote tulishangaa. Jirani hakuletwa na yeye, hata jina lake hakulijua! Tukamwambia mama asilipe hata franga moja. Wengine walitaka kwenda kumpigia makelele nyumbani kwake. Yeye akajibu kwa upole: basi, karatasi za parsele zinabaki kwangu. Na jirani akaanza kudai pesa yake irudi.

Hapo ndipo tulipeleka ile karatasi kwa avoka, atusomee kwa Kiswahili. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: kwa muda wa miezi 6, mtu yeyote akinunua, akiletwa na komisionere ao akija mwenyewe, komisionere atalipwa.

Avoka alitueleza hivi. Sheria ya mapatano katika inchi yetu ni ya zamani, ya tarehe 30 Julai 1888, na ingali inafanya kazi. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa vizuri ni kama sheria kwa wale walioyafanya. Sheria hiyo inasema tena kwamba mtu unayemtuma akufanyie jambo hana malipo, isipokuwa mlipatana malipo. Maana yake, haki ya komisionere inatoka katika mapatano yenu, haitoki katika kuona nyumba imeuzwa. Kama mlipatana kwamba atalipwa akileta mnunuzi, na mnunuzi ukampata mwenyewe, huna deni. Lakini mstari kama ule ukiwamo, deni liko. Na kama ni yeye alileta mnunuzi, halafu ninyi wawili mkapatana pembeni ili mumkimbie, hilo pia ni deni, tusijidanganye. Tunajua wanaofanya hivyo, hata humu ndani.

Tukauliza: si mama hajui Kifaransa? Avoka akauliza naye: na huyu shahidi, anajua? Tukanyamaza. Sekretere wetu anakisoma vizuri sana. Siku ile alisoma bei tu, akatia saini, akaenda sokoni. Kudai mbele ya tribinali kwamba mama alidanganywa kungekuwa kugumu, na kungekula pesa kuliko deni lenyewe.

Juu ya kuzishika karatasi za mama kama rehani, hilo halikuandikwa mahali popote, na avoka aliona komisionere hana haki. Ndiyo ilitupa nguvu kidogo. Tulikaa mbele ya chefu wa kartie kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Komisionere alihesabu pikipiki alizolipa na safari alizofanya na wale watu wanne. Kusema kweli, alikuwa ametembea. Mwisho akakubali dola 120 na kurudisha karatasi zote. Mama alilipa 60. Zile zingine 60 zilitoka kwetu, kwa sababu saini ya shahidi ilikuwa yetu.

Tangu siku ile, saini ya chama haiwekwi mpaka karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kutoka juu mpaka chini. Mstari wa “mtu yeyote” tunaomba ufutwe. Komisionere akikataa, basi majina ya majirani na ndugu wanaoweza kununua yaandikwe pembeni, kwamba hao si wake, na muda usipite miezi miwili. Atapewa fotokopi tu, karatasi zenyewe zinabaki na mwenye nyumba.

Mama yuko Lusangi sasa. Kuta zimesimama. Mabati yaliyonunuliwa yalifika vyumba viwili, cha tatu amekiezeka kwa majani. Dola 60 hatumdai. Sekretere amekubali kuzirudisha mwenyewe, dola 10 kwa mwezi, na mbili za kwanza, yaani dola 20, zimekwisha kuingia katika kasha.