Kutoka Skafu hadi Sweta ya Shule
(Mazungumzo kwa vikundi vya wafumaji, Soweto, Mbeya)



Mji wa Mbeya umejengwa mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai baridi yake hupenya mpaka mifupani, na asubuhi mtoto wa Soweto hutoka kwenda shule akiwa amevaa sweta. Kwa hiyo mfumaji wa hapa ana soko mlangoni pake. Hata hivyo, ukaribu wa soko haumwondolei wajibu wa kujifunza kwa hatua.

Mama anayeshika sindano mbili za kufumia kwa mara ya kwanza hana budi kuanza na skafu. Skafu haina shingo wala mikono, na ikiharibika hufumuliwa, uzi uleule ukatumika tena. Hapo vidole hujifunza jambo moja tu: kuvuta uzi kwa nguvu ileile, kitanzi baada ya kitanzi. Baada ya skafu hufuata kofia, inayofundisha kupunguza vitanzi. Kisha soksi za mtoto mchanga, ambazo kisigino chake hutaka hesabu. Kisha sweta ndogo. Mwisho kabisa ndipo huja sweta ya shule, yenye shingo ya pembe na mikono miwili iliyo sawa.

Anayeruka ngazi hizo huadhibiwa na hesabu. Tuseme sweta inatakiwa kuwa na upana wa sentimeta 40 kifuani, na kipimo ni vitanzi 20 kwa kila sentimeta 10. Mfumaji ataanza na vitanzi 80. Lakini kama mkono wake hukaza, akatoa vitanzi 22 mahali pa 20, vitanzi vilevile 80 vitampa upana wa kama sentimeta 36 tu. Mbele na nyuma zikiunganishwa, sweta imepungua zaidi ya sentimeta 7, wala mtoto haiingii.

Kosa hilo kwa mtu mmoja ni hasara ya siku chache. Kwa kikundi ni hatari kubwa zaidi. Kikundi kinapopokea oda ya sweta za shule nzima, fedha za hisa au za mkopo zimekwisha kununua uzi, na tarehe ya kufungua shule haingoji. Mikono kumi isiyolingana itatoa saizi kumi, ingawa karatasi ya oda imetaja moja. Sweta zikikataliwa, deni hubaki palepale.

Kinga yake si ghali. Kabla ya kazi kuanza, kila mwanachama afume kipande cha majaribio na kukipima mbele ya wenzake. Mwenye mkono wa kukaza apewe sindano nene zaidi. Mwenye mkono mlegevu apewe nyembamba zaidi. Uzi wa oda nzima ununuliwe kwa pamoja, wenye namba moja ya rangi, maana rangi iliyotiwa siku nyingine huweza kutofautiana. Kamati nayo ipokee oda ndogo kwanza, itoe hesabu zake kwa wanachama, ndipo ifikirie kubwa.

Njia hiyo si ngeni katika ushirika. Watu 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao baadhi yao walikuwa wafumaji wa nguo, walifungua duka lao Desemba 1844 kwa mtaji wa paundi 28. Waliuza vitu vichache tu, kama vile unga, siagi, sukari na shayiri. Habari za kinu cha kusaga nafaka zilikuja baadaye, mwaka 1850.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Kikundi kisione haya kuitwa kikundi cha skafu mwaka huu, mradi kila skafu inayotoka humo ni sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Mnunuzi aliyeridhika na skafu hiyo ndiye atakayerudi kuulizia sweta.