Chapati Tumeipokea, Ndengu Tusiziache
(Mazungumzo ya afisa wa lishe kwa wakazi)

Wakazi wenzangu wa Kitengela na Kajiado,

Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara Wahindi, walichangia sana jikoni mwetu: chapati, sambusa, manjano, chai ya maziwa na viungo. Leo ninawauliza: tulichukua desturi zipi, na zipi tuliziacha?

Kwa nyumba nyingi za Kihindi zinazofuata desturi, chapati ya kila siku ni ndogo na nyembamba, ya unga wa atta, na hupikwa kwenye kikaango kikavu. Huliwa na dengu, mboga na maziwa ya mgando. Sisi tukachukua unga mweupe na mafuta mengi, na mara nyingi tunaila na chai yenye sukari tupu. Hapo ndipo unene, kisukari na shinikizo la damu hupata njia.

Turudishe ndengu kwenye sahani. Ndengu na nafaka hukamilishana kwa protini, na bei yake ni nafuu kuliko nyama. Ziloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha upike. Kamulia limau ili mwili upate madini ya chuma vizuri. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwa sababu hupunguza madini hayo, hasa kwa mama mjamzito.

Maziwa ya mgando si mageni hapa. Wamaasai wana kule naoto ya kibuyu tangu zamani. Tuyathamini, ila maziwa yachemshwe kwanza na chombo kiwe safi.

Kuna desturi ya kunywa maji mara tu unapoamka. Ni nzuri, lakini visima vingi vya kaunti yetu vina floridi nyingi. Kuchemsha huua viini, hakuondoi floridi. Watoto walio chini ya miaka 8 ndio meno yao huharibika zaidi, kwa hiyo wapewe maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa floridi.

Mwisho, manjano na tangawizi ni viungo vizuri vya chakula, si badala ya dawa. Ukiwa na kisukari au presha, usiache tembe zako kwa sababu jirani amekupa unga wa manjano. Ukitaka kutumia viungo kwa wingi, mweleze daktari kwanza. Na kama hujapimwa presha mwaka huu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Presha ya juu mara nyingi haina dalili; wengi huijua siku wanapoanguka.