Sungura wa Redfern na Mizani ya Ligi

Oktoba 1999, wakuu wa ligi ya raga ya Australia waliiweka South Sydney kwenye mizani. Vigezo vilikuwa mapato ya milangoni, idadi ya watazamaji, wadhamini, faida na pointi za uwanjani. Ligi ilikuwa imepania kubaki na timu 14. South Sydney, iliyoanzishwa katika mtaa wa Redfern, Sydney, Januari 1908 na kutwaa ubingwa mara 20 hadi mwaka 1971, ilionekana nyepesi. Ikatolewa.

Mhadhara huu unahusu kile ambacho mizani ile haikukipima.

Mpenzi wa raga wa Afrika Mashariki amezoea wachezaji saba au 15 kila upande. Raga ya ligi ni ya wachezaji 13, na chimbuko lake ni tumbo. Mwaka 1895, mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga kwa sababu wakubwa wa mchezo walikataa mchezaji afidiwe ujira alioukosa kwa kwenda kucheza. Mchimba makaa angeishije kwa makofi ya watazamaji?

Mchezo huo ulipofika Sydney, ulikuta watu wa aina hiyohiyo. Jina la utani la South Sydney, Rabbitohs, inasimuliwa, lilitokana na wachuuzi waliopita mitaani wakinadi sungura, kama muuza samaki apitavyo vichochoroni kwetu pwani. Na husemwa kuwa baadhi ya wachezaji wa mwanzo waliuza sungura Jumamosi asubuhi, mchana wakaingia uwanjani. Redfern pia ni mtaa wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Waziri Mkuu Paul Keating alipoamua, Desemba 1992, kukiri hadharani dhuluma walizotendewa, alikwenda kusema katika Bustani ya Redfern, palipo na uwanja uliokuwa nyumbani kwa timu hii.

Basi timu ilipofukuzwa, mtaa ulijiona umefukuzwa. Klabu nyingine, kama Balmain na Western Suburbs, zilikuwa zimekubali kuungana ili zisalimike. Mwenyekiti wa South Sydney, au Souths kwa kifupi, George Piggins, mchezaji wake wa zamani, alikwenda mahakamani. Akashindwa. Novemba 2000 watu wanaokadiriwa kufika 80,000 waliandamana katikati ya Sydney, wengi wakiwa na jezi nyekundu na kijani, kwa ajili ya timu isiyokuwa na mechi hata moja ya kucheza.

Julai 2001 rufaa ilikubaliwa, majaji wawili dhidi ya mmoja, na mwaka 2002 timu ikarudi. Kisha likaja jambo linalostahili kutafakariwa kuliko yote: mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba, kisheria, ligi ndiyo iliyokuwa na haki. Lakini hakuna aliyethubutu tena kuitoa Souths. Sheria ilikuwa upande mmoja, barabara iliyojaa watu upande mwingine.

Mwigizaji Russell Crowe na mfanyabiashara Peter Holmes à Court walinunua asilimia 75 ya klabu mwaka 2006, na kamera zikafuata. Ubingwa ulichelewa hadi Oktoba 5, 2014. Mbele ya watazamaji 83,833, Sam Burgess alivunjika mfupa wa shavu mwanzoni kabisa mwa fainali, akaendelea kucheza hadi mwisho. Souths wakawafunga Bulldogs 30-6. Trai ya mwisho ilikuwa ya Greg Inglis, Mwaborijini. Alilala kifudifudi, akatambaa kwenye nyasi kama kenge, na watu waliokuwa wamesubiri miaka 43 wakalia.